Tope Lililokata Mikongo

Jumatatu tarehe 18 Novemba 1929, saa 11 na dakika 2 za jioni, ardhi ilitikisika kusini mwa kisiwa cha Newfoundland. Kisiwa hicho kilikuwa bado hakijaingia Kanada. Kilikuwa dola ndogo ndani ya himaya ya Waingereza, na watu wa pwani yake ya kusini waliishi kwa chewa wa bahari baridi, wakimvua, wakimpasua, wakimtia chumvi na kumwanika hadi awe ng'onda wa kuuzwa ng'ambo. Tetemeko lilikuwa la ukubwa wa 7.2. Lilisikika hadi Montreal na New York. Katika rasi ya Burin, ambayo ndiyo sehemu ya kisiwa iliyokuwa karibu zaidi na kitovu, vyombo viligongana makabatini na watu wakatoka nje kuulizana kulikoni. Nyumba zao za mbao hazikuanguka. Wakarudi ndani, wakaendelea na shughuli za jioni.

Baada ya saa mbili na nusu hivi, bahari ilianza kuondoka. Maji yalijivuta nje ya vihori mpaka chini ya magati kukabaki tope na miamba ambayo hata bamvua kubwa haikuwahi kuifichua. Kisha yakarudi, mawimbi matatu yakifuatana katika muda wa nusu saa. Ndani kabisa ya vihori vyembamba yalipanda hadi mita 13. Nyumba ziling'oka kwenye misingi yake zikaelea, na walionusurika walisimulia baadaye jinsi walivyoiona nyumba ikichukuliwa na maji huku taa ya mafuta ingali inawaka dirishani juu. Katika kijiji cha Lord's Cove nyumba moja ilisukumwa hadi kwenye kidimbwi. Mama na watoto wake watatu walikufa maji humo, lakini mtoto mwingine mdogo, wa kike, alikutwa hai. Watu 28 walipoteza maisha usiku ule. Maghala ya samaki, mashua, chumvi, makaa ya kupitishia majira ya baridi, vyote vilikwenda na maji.

Na nje ya rasi hakuna aliyejua. Waya wa telegrafu uliokwenda mji mkuu, St. John's, ulikuwa umekatwa na dhoruba kabla hata ya tetemeko. Kesho yake ikaanguka theluji. Burin ilikaa katika hali hiyo hadi Alhamisi, meli ya Portia ilipotia nanga katika safari yake ya kawaida. Mtu wa redio wa meli hiyo ndiye aliyetuma habari, na meli ya msaada, Meigle, ikafika siku iliyofuata na madaktari, wauguzi, blanketi na chakula.

Ajabu ni kwamba wakati Burin imenyamaza, makarani wa telegrafu pande zote mbili za Atlantiki walikuwa wameshajua tangu jioni ile ile ya Jumatatu kwamba kuna jambo zito limetokea huko chini. Kusini mwa Newfoundland palikuwa njia panda ya mawasiliano ya dunia. Mikongo iliyotoka Ulaya ilipita hapo ikielekea Nova Scotia na New York, ikibeba bei za pamba na ngano, salamu za rambirambi, amri za serikali, na katika mwaka ule hasa, habari za soko la hisa la New York lililokuwa limeporomoka wiki chache tu nyuma. Mikongo 12 ilikatika, katika sehemu 28.

Mkongo wa telegrafu ulikuwa waya wa shaba uliofunikwa kwa utomvu mgumu wa miti na kuzungushiwa nyuzi za chuma. Ulipokatika, mtambo wa kupokea ujumbe kituoni uliacha kuandika, na karani akatia alama dakika ile kwenye daftari. Halafu fundi akapima upinzani wa umeme kwenye waya, kutoka ncha hii na kutoka ncha ile, akajua ni kilomita ngapi kutoka pwani mahali ulipokatikia. Kwa hiyo kila mkato ulikuwa na saa yake na mahali pake. Kampuni za telegrafu zilihitaji taarifa hizo kwa ajili ya kutuma meli za matengenezo. Hakuna aliyekuwa na nia ya kufanya sayansi.

Ukizipanga zile saa kwenye ramani unaona jambo la kushangaza. Mikongo iliyolala karibu na kitovu ilikatika papo hapo, kwa pamoja, na hilo halina ugumu. Iliyokuwa kusini zaidi, kwenye maji ya kina kirefu, ilikatika baadaye, mmoja baada ya mwingine, daima wa juu ya mteremko ukitangulia na wa chini ukifuata. Wa mwisho ulikatika saa 13 na dakika 17 baada ya tetemeko, alfajiri ya Jumanne, zaidi ya kilomita 500 kutoka kitovu. Tetemeko halingoji saa 13. Kitu fulani kilikuwa kinatembea gizani juu ya sakafu ya bahari usiku kucha, kikikata kila kilichokuta.

Orodha hiyo ya saa haikufichwa. Ilichapishwa, ikasomwa, na kwa zaidi ya miaka 20 haikueleweka. Waliojaribu kuieleza walichora ufa mkubwa wa ardhi unaopita katikati ya mikongo, wakasema sakafu ilipasuka na kuhama. Kuhusu mikato iliyochelewa, maelezo yao yalikuwa ya kupapasa. Nadhani kosa lao linaeleweka. Elimu ya wakati ule ilifundisha kwamba kina kikuu ni mahali pa utulivu kamili, ambapo hakuna kinachotokea isipokuwa vumbi na maganda ya viumbe wadogo kushuka taratibu kutoka juu, karne baada ya karne. Mchanga ulikuwa mali ya ufukoni na maji mafupi. Mtu aliyelelewa na elimu hiyo hawezi kuona mto wa tope kwenye orodha ya saa za mikongo, hata ukimwekea mezani.

Vipande vya jibu vilikuwepo, ila vilikuwa mikononi mwa watu mbalimbali. Huko Uswisi katika karne ya 19, François-Alphonse Forel alikuwa ameshaeleza jinsi maji baridi na machafu ya Mto Rhône yanavyozama yakifika Ziwa Geneva na kutambaa chini ya maji safi, kwa sababu maji yenye tope ni mazito. Mwaka 1936 Reginald Daly wa Chuo Kikuu cha Harvard alipendekeza kwamba mikondo ya namna hiyo ndiyo iliyochonga mabonde makubwa yaliyokutwa chini ya bahari kwenye kingo za mabara. Mholanzi Philip Kuenen alilichukua wazo hilo akalijaribu huko Groningen: alitengeneza mfereji, akaujaza maji, akamimina mchanganyiko wa udongo na mchanga upande wa juu, akautazama ukiteremka kwa kasi chini ya maji safi. Alichokizingatia zaidi ni kilichobaki baada ya mkondo kusimama. Chembe nzito zilitangulia kutua, nyepesi zikafuata, na tabaka zima likawa na mchanga wa punje kubwa chini na ulaini ukizidi kadiri unavyopanda. Mwaka 1950 Kuenen na Mwitalia Carlo Migliorini waliandika kwamba matabaka ya aina hiyo yaliyojaa kwenye miamba ya milima ya Apenini ni kazi ya mikondo ya tope ya bahari za kale. Wengi hawakushawishika. Beseni la maabara ni kitu kimoja na Atlantiki ni kitu kingine.

Basi mwaka 1952 Bruce Heezen, kijana kutoka Iowa, pamoja na mwalimu wake Maurice Ewing wa Chuo Kikuu cha Columbia, wakarudi kwenye saa za mikongo. Maelezo yao yalikuwa mafupi. Tetemeko lilitikisa mteremko wa bara. Udongo laini wa mteremko ukaporomoka. Ulipochanganyika na maji ukageuka mkondo mzito ulioteremka mpaka kwenye tambarare ya kina kirefu iitwayo Sohm, na njiani ukakata mikongo yote. Kwa kugawa umbali kwa muda walipata kasi: mwanzoni zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Waliorudia hesabu hiyo baadaye waliishusha hadi kama kilomita 65 au 70 kwa saa, na hata hivyo ni kasi ya basi barabarani, ndani ya maji, kwenye giza la kilomita kadhaa chini. Ulipoufikia mkongo wa mwisho mkondo ulikuwa umechoka, ukienda kama kilomita 22 kwa saa, lakini ulikuwa na nguvu ya kutosha kukata chuma.

Wapinzani walikuwa na haki ya kudai zaidi. Hesabu nzuri haithibitishi kwamba kulikuwa na tope. Uzuri wa maelezo ya Heezen na Ewing ni kwamba yalijifunga yenyewe: kama ni kweli, basi kule tambarare ya Sohm, kusini ya mkongo wa mwisho, lazima kuwe na tabaka la tope lililotua Novemba 1929, na lazima liwe juu kabisa, maana kwenye kina kile mashapo ya kawaida huongezeka kwa sentimita chache tu katika miaka 1,000. Miaka 23 isingetosha kuweka juu yake hata milimita mbili. Wala lisingeweza kuchanganywa na la chini yake. Nenda ukachimbe, utalikuta.

Kuchimba huko nako kuna historia yake, na mikongo imo humo pia. Mabaharia wa zamani walipaka mafuta ya mnyama chini ya timazi ili inase punje za sakafu. Baadaye mabomba mazito yalishushwa kwa kamba yajizamishe yenyewe kwenye tope, lakini yalileta kipande kifupi, tena kilichoshindiliwa. Mmarekani Charles Piggot, wa taasisi ya Carnegie huko Washington, alibuni kitu ambacho ni mzinga hasa: kikigusa sakafu, baruti inalipuka na kulisukuma bomba chini. Mwaka 1936 alipanda meli ya mikongo iitwayo Lord Kelvin na kuchukua sampuli kutoka Newfoundland hadi Ireland, za urefu wa karibu mita tatu. Ukweli ni kwamba meli hiyo ilifanya kazi katika bahari ile ile ambamo tabaka la 1929 lilikuwa limelala, na hakuna aliyekuwa analitafuta.

Aliyefungua mlango ni Mswidi Börje Kullenberg katika miaka ya 1940. Bomba lake linaninginia kwenye mkono wa chuma, na upande wa pili wa mkono huo linaninginia jiwe dogo linalotangulia mita chache chini. Jiwe likigusa sakafu, mkono unainuka na bomba linaachiwa lianguke lenyewe kwa uzito wake wote. Ndani ya bomba mna pistoni iliyofungwa kwenye kamba ya meli. Bomba likizama, pistoni inabaki palepale kwenye usawa wa sakafu, na mvuto wake unazuia tope lisikandamizwe na msuguano wa kuta. Bila hiyo pistoni, bomba likishafika mita kadhaa linageuka mti wa kusukuma tu: linazama lakini tope haliingii. Msafara wa Kiswidi wa meli Albatross, uliozunguka dunia mwaka 1947 na 1948 na kupita pia Bahari ya Hindi, ulirudi na sampuli za zaidi ya mita 15. Ewing aliichukua mbinu hiyo akaifanya desturi. Kwenye meli za kituo chake cha Lamont, karibu na New York, ilikuwa sharti kusimama na kushusha bomba mahali popote meli ilipo, kuwe na sababu au kusiwe na sababu.

Kinachotoka ndani ya bomba ni mche mrefu wa tope, mfano wa mche wa sabuni ya kufulia. Hupasuliwa kwa urefu kwa waya mwembamba au msumeno, nusu moja ikawekwa akiba kwenye chumba baridi, nusu ya pili ikalazwa mezani kwa kazi. Anayeusoma hulainisha uso wake kwanza kwa kisu au kipande cha kioo, kwa mapigo ya kukingama, kamwe si ya kufuata urefu, ili asiburute rangi ya juu akaichanganya na ya chini. Kisha husogea sentimita kwa sentimita. Tope la siku zote lina rangi ya maziwa ya kahawia au kijivu, lina madoa ya vijishimo vya minyoo, na ukiliosha kwenye chujio yanabaki maganda ya foraminifera, viumbe wa chembe moja wanaojenga nyumba za chokaa. Ghafla linakatwa na mstari mkali, kana kwamba limefutwa. Juu ya mstari punje zinakwaruza chini ya kucha. Panda sentimita kumi, zinakwaruza kidogo. Panda tena, unahisi unga. Juu kabisa ni ulaini mtupu usio na shimo hata moja la mnyoo, kwa sababu tabaka hilo lilitua kwa saa au siku chache na hakuna aliyepata nafasi ya kuchimba. Wengine hutafuna punje kidogo kati ya meno ya mbele, maana ulimi hupima mchanga mwembamba kuliko macho.

Miche iliyoletwa kutoka kusini ya mkongo wa mwisho ilikuwa na kitu hicho hasa. Heezen, Ewing na mwenzao David Ericson, bingwa wa foraminifera, walitangaza mwaka 1954: juu kabisa, tabaka la vumbi la mchanga la takriban mita moja, punje kubwa chini na ndogo juu, limekaa juu ya udongo wa kawaida wa kina kirefu. Ericson alikuwa ameshaonyesha, katika sampuli nyingine za Atlantiki, kwamba mchanga wa kina kirefu huja na maganda ya viumbe walioishi kwenye maji mafupi yenye mwanga. Hawakutembea kwenda huko. Walibebwa.

Makadirio ya baadaye yaliweka tope lote lililotua mwaka 1929 kwenye kilomita za ujazo 175 au zaidi. Kuhusu lilikotoka, mabishano yaliendelea kwa miaka mingi, na mimi naona ndiyo sehemu inayofundisha zaidi. Wapimaji walipoupiga picha za sauti mteremko wa St. Pierre, ambako ndiko kitovu, hawakukuta jeraha moja kubwa. Walikuta makovu mengi ya unene mdogo, mita 5 hapa, mita 100 pale, yaliyotambaa kurudi nyuma kuelekea juu. David Piper na wenzake wa Kanada walieleza jinsi vipande hivyo vilivyokusanyika na kuwa mkondo mmoja. Hilo lilitosha kueleza mikongo, lakini halikutosha sana kueleza tsunami, maana utando mwembamba unaoteleza vipande vipande hausukumi bahari nzima. Mwaka 2019 uchunguzi mpya uliongeza kipande kilichokuwa kinakosekana: chini ya makovu hayo, bamba la mashapo la unene wa karibu mita 500 lilikuwa limeteleza na kushuka kwa mkupuo, umbali wa kama mita 100 tu, halafu likasimama. Wimbi la Burin linaelekea kuwa la bamba hilo, na mikongo ikawa ya tope la juu yake. Miaka 90 kwa tukio moja.

Norway ina simulizi kubwa zaidi, ila haina shahidi aliyeacha neno. Mbele ya pwani yake kuna kovu la urefu wa karibu kilomita 300 liitwalo Storegga, ambako takriban kilomita za ujazo 3,000 za mashapo ziliporomoka. Miche ya tope la baharini iliwapa watafiti umri kwa kaboni ya foraminifera, kama miaka 8,150 iliyopita. Wakati huohuo, huko Scotland, wanajiolojia walikuwa wanasumbuliwa na utando wa mchanga wa bahari uliolala katikati ya udongo wa mboji, na kwa muda mrefu waliuita kazi ya dhoruba. Mwaka 1988 Alastair Dawson na wenzake waliunganisha ncha mbili: mchanga wa nchi kavu na kovu la baharini ni wa siku moja. Visiwani Shetland mchanga huo umekutwa zaidi ya mita 20 juu ya usawa wa bahari ya wakati ule. Katika mashapo ya tsunami hiyo huko Norway, Stein Bondevik alikuta vijiti vya kuvumwani vilivyong'olewa na kufukiwa vikiwa bado kijani. Kwa kupima chipukizi lao la mwaka, yeye na wenzake walisema wimbi lilikuja mwishoni mwa vuli, baridi ikikaribia.

Kazi hiyo isingepata fedha nyingi kama si gesi. Mwaka 1997 kampuni ya Norsk Hydro iligundua hazina ya gesi ya Ormen Lange, na hazina hiyo iko ndani ya kovu lenyewe la Storegga. Swali likawa la pesa na la roho za watu: tukiweka mitambo hapa, mlima utashuka tena? Visima na miche mingi ilijibu. Udongo mwingi ulirundikwa kwa haraka na barafu kubwa za zama za baridi juu ya udongo laini na dhaifu wa baharini, ambao ulijaa maji yasiyopata pa kutokea, na tetemeko likamalizia. Uliokuwa tayari kuanguka ulishaanguka. Ili urundikwe mwingine inahitajika barafu nyingine. Gesi ilianza kutoka mwaka 2007.

Katikati ya miaka hiyo yalitokea maafa ya Papua New Guinea. Tarehe 17 Julai 1998, jioni, tetemeko la ukubwa wa 7.0 lilitokea karibu na Aitape, na dakika kama 20 baadaye wimbi la zaidi ya mita 10 likafagia vijiji vilivyojengwa kwenye ukanda wa mchanga mbele ya wangwa wa Sissano. Watu wapatao 2,200 walikufa. Wimbi lilikuwa kubwa mno kwa tetemeko la kiasi hicho, na lilichelewa. Mapema mwaka 1999 meli ya utafiti ya Japani, Kairei, ilipima sakafu ya mbele ya wangwa huo na kushusha mabomba. Udongo uliotoka ulikuwa mfinyanzi mgumu unaoshikana, wa aina ambayo huanguka kama donge zima badala ya kuyeyuka, na donge lenyewe likaonekana chini ya maji pamoja na ukuta ulikobanduka. Kabla ya Aitape, maporomoko ya chini ya bahari yalikuwa tanbihi katika vitabu vya tsunami.

Afrika nayo ina mahali ambapo mkondo wa tope umepimwa ukiwa hai. Mto Kongo hauna delta ya kujivunia, kwa sababu mdomoni mwake, ndani kabisa ya eneo ambako maji ya mto hukutana na ya bahari, linaanza bonde la chini ya bahari linalomeza kila kinacholetwa. Maji hayo ni pamoja na ya Ziwa Tanganyika, yanayotoka Kalemie kwa Mto Lukuga na kuungana na Lualaba kuelekea Kisangani. Mwishoni mwa mwaka 2019 mto ulifurika kwa kiwango ambacho hakijaonekana tangu miaka ya 1960. Tarehe 14 Januari 2020 vyombo vya kupimia mkondo, vilivyotiwa nanga bondeni na timu ya Peter Talling wa Chuo Kikuu cha Durham, vilianza kung'oka kimoja kimoja na kuibuka juu. Mkondo wa tope ulikwenda zaidi ya kilomita 1,100, na badala ya kuchoka uliongeza mwendo, kutoka mita 5 hadi mita 8 kwa sekunde, kwa sababu ulikuwa unakomba sakafu na kujiongezea uzito. Tarehe 16 ulikata mkongo wa SAT-3, na WACS pia ukakatika. Intaneti ikazorota kutoka Afrika Magharibi hadi Afrika Kusini. Nyuzi za kioo zimechukua nafasi ya shaba, ila njia ya kujua mahali ulipokatikia bado ni kupima kutoka ncha.

Upande wetu wa Bahari ya Hindi, mambo mawili yalichapishwa mwaka 2020, na yasichanganywe. La kwanza ni Pangani. Vittorio Maselli na wenzake, wakiwemo watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walieleza utando wa mchanga wenye mifupa ya watu, wa umri wa kama miaka 1,000, uliofukia makazi ya Waswahili wa kale. Hiyo ni tsunami, lakini hesabu zao za kompyuta zinamtaja mshukiwa wa mbali: tetemeko la upande wa Sumatra, kama lile la Desemba 2004. Si kila mchanga uliopanda nchi kavu unatoka kwenye poromoko.

La pili ndilo poromoko. Chini ya sakafu ya bahari upande wa mashariki wa kisiwa cha Mafia, limefukiwa na mashapo ya mamilioni ya miaka, limelala donge la eneo lisilopungua kilomita za mraba 11,600 na ujazo wa angalau kilomita za ujazo 2,500. Linakaribiana na Storegga. Lilionekana kwenye picha za mawimbi ya sauti zilizopigwa na watafutaji wa mafuta na gesi. Ni la zama za Miosini ya mapema hadi ya kati, wakati ambao Bonde la Ufa lilikuwa linaanza kupasuka bara. Tafsiri ya Maselli na wenzake ni kwamba nchi ilipoinuka, mito ilishusha tope jingi zaidi, matetemeko yakaongezeka, na mteremko ukashindwa kubeba. Ufa huo una tawi lake baharini, na tawi hilo bado linatikisika.

Mabomba ya bahari kuu hayalifikii donge lenyewe, liko chini mno kwa mita 15 au 20 za Kullenberg. Yanachoweza kufikia ni maelfu ya miaka ya karibuni, na kwa kazi iliyo mbele hayo ndiyo yanayotakiwa. Gesi iliyogunduliwa tangu mwaka 2010 mbele ya Lindi na Mtwara iko kwenye kina kirefu. Ile ya Kitalu namba 2 iko kama kilomita 100 kutoka pwani, chini ya maji ya mita 2,500 hivi, na mtambo wa kuisindika unakusudiwa kujengwa Likong'o, Lindi. Mtambo ukijengwa, mabomba yake yataupanda mteremko wa bara kutoka huko chini. Maswali ambayo miche ya hapo itaulizwa ni yaleyale ya Ormen Lange: udongo laini juu ya mteremko una unene gani, tabaka la mwisho lililoporomoka ni la lini, na Rufiji na Ruvuma zimeshusha tope kiasi gani tangu hapo.